Mafuta ya Breki Yanapungua, Chini Pakavu: Mwongozo Kamili kwa Magari ya Zamani ya Jeshi

Umejaza masta silinda, ile silinda kuu yenye kopo la mafuta ya breki, mpaka alama, ukafunga kifuniko, ukalitembeza gari kidogo. Baada ya wiki mbili unafungua tena na kiwango kimeshuka upana wa kidole. Unaingia uvunguni na tochi, unapapasa paipu moja moja, unachungulia nyuma ya kila tairi. Hakuna tone. Unajaza tena, na mchezo unaanza upya.

Wengi wakifika hapo huanza kununua vipuri. Mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha wili silinda zote sita (silinda ndogo za breki kwenye magurudumu) za lori la M35A2, siku nne za kupiga magoti, kabla ya kugundua kwamba hakuna hata moja iliyokuwa na kosa. Mafuta yalikuwa yanatokea kwenye buusta, kifaa kinachokuza nguvu ya mguu. Nilichokosa siku zile hakikuwa ufundi wa spana, ni subira ya kupima kwanza.

Mafuta ya breki hayapotei kwa kukauka. Aina zake hutajwa kwa namba za DOT: DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia 205°C, DOT 4 kuanzia 230°C, DOT 5 kuanzia 260°C; katika kopo lililofunikwa hayaishi kwa mvuke. Yakipungua, yamehamia mahali. Kama hayako chini, yako ndani ya dramu, ndani ya buusta, ndani ya injini, kwenye bomba la kupumulia, au yanatambaa ndani ya waya wa taa ya breki. Orodha ni fupi, na ndiyo maana kazi hii inawezekana.

Kabla hujagusa kitu

Gari lisiende barabarani mpaka ujue mafuta yanaenda wapi. Magari mengi ya jeshi ya kizazi cha zamani, Willys MB na M35A2 yakiwamo, yana mzunguko mmoja tu wa breki. Paipu moja ikipasuka, au kopo likikauka katikati ya mteremko, unapoteza breki za magurudumu yote kwa mkupuo.

Usiiamini handibreki ukiwa uvunguni. Kwenye magari haya mara nyingi haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye gia boksi ya kugawa nguvu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaliruhusu lizunguke na gari linaweza kutembea huku handibreki imevutwa mpaka mwisho. Weka kabari pande zote mbili za magurudumu yaliyobaki chini, na gari likae juu ya stendi, siyo juu ya jeki.

Tatu, vumbi la dramu. Viatu vya breki vya enzi hizo vingi vilitengenezwa kwa asbesto. Usilipulize kwa upepo wa kompresa wala kulifagia kavu. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa, na kitambaa ukitie kwenye mfuko wa kufungwa.

Gari lako ni la ukoo gani?

Mahali pa kutafuta panategemea kinachosaidia mguu wako.

Ukoo wa kwanza hauna buusta kabisa: Willys MB, M38A1, M151, UAZ-469 za mwanzo. Pedali inasukuma masta silinda, masta silinda inasukuma magurudumu, basi. Hapa washukiwa ni wachache na uchunguzi ni wa siku moja.

Wa pili una buusta ya ombwe, yaani injini inavuta hewa na mvuto huo unakuza nguvu ya mguu. GMC CCKW ya Vita vya Pili vya Dunia ilikuwa na buusta ya aina hii iitwayo Hydrovac. GAZ-66 ina mfumo wa namna hiyohiyo. Ukoo huu una sifa ya kunywa mafuta ya breki kupitia injini bila kuacha alama yoyote chini.

Wa tatu unatumia hewa ya kompresa kusukuma mafuta: M35A2, malori ya tani 5 ya mfululizo wa M809, Ural-375D. Hewa iko upande mmoja, mafuta upande wa pili, na kati yao kuna raba chache tu.

Kama gari lako ni la breki za hewa tupu, kama M939 au ZIL-131, hakuna mafuta ya breki ya kupotea.

Jua ni mafuta gani yamo

Hatua hii inarukwa sana, na ukiiruka utadanganywa na kila unyevu utakaouona. Jeshi la Marekani lilihamia mafuta ya silikoni, yaani DOT 5, katika miaka ya 1980, hivyo lori lililotoka mikononi mwake huenda linayo hadi leo. Rangi yake yakiwa mapya ni zambarau, lakini hufifia kwa miaka na kubaki ya manjano hafifu, kwa hiyo rangi peke yake si ushahidi.

Chukua glasi ya maji safi na udondoshee matone machache kutoka kwenye kopo. DOT 3 na DOT 4 huyeyuka na kupotea ndani ya maji. Silikoni hukataa, inabaki vitone vinavyoelea. Andika jibu mahali, maana utarudia kipimo hichohicho kwa kila unyevu utakaoukuta chini ya gari. Oili ya injini na oili ya gia nazo hazichanganyiki na maji, lakini oili ya gia ina harufu kali ya salfa isiyosahaulika. Kwa hiyo kama kopo lako lina DOT 3, na unyevu ulioukuta nyuma ya gurudumu unaelea kwenye glasi na unanuka salfa, hiyo ni sili ya ekseli. Ni tatizo, ila silo unalolitafuta.

Aina hizi mbili pia huacha nyayo tofauti. DOT 3 na DOT 4 hula rangi: sehemu iliyovuja utaiona imevimba, imebabuka, au chuma kimebaki uchi. Silikoni haigusi rangi. Inaacha utelezi mwembamba unaokusanya vumbi, na hapo jicho hupita bila kuona kitu. Kwenye gari la silikoni, papasa kwa vidole zaidi ya kutazama.

DOT 5.1, licha ya jina lake, si silikoni. Ni ndugu wa DOT 3 na DOT 4. Nimeona watu wakiichanganya na DOT 5 kwa sababu ya namba tu.

Hakikisha kweli yanapotea

Kuna imani kwamba viatu vikilika, kiwango lazima kishuke. Hiyo ni kweli kwa breki za diski. Kwa dramu zenye marekebisho ya mkono, mambo ni kinyume kidogo: springi hurudisha viatu hadi kwenye vizuizi vyake kila unapoachia pedali, kwa hiyo hata vikilika, mafuta yote hurudi kwenye kopo. Kinachobadilika ni pedali kwenda chini zaidi. Kiwango hushuka pale unapokaza marekebisho, kwa sababu sasa viatu vinapumzika karibu na dramu na pistoni zimesogea nje.

Piga hesabu. Wili silinda yenye kipenyo cha milimita 38 ina eneo la kama sentimita za mraba 11.3. Ukikaza mpaka kila pistoni isogee milimita 2, pistoni mbili zinachukua kama mililita 4.5. Magurudumu sita, mililita 27. Hiyo ni vijiko vya chai vitano au sita, mara moja tu, baada ya marekebisho. Robo lita kwa mwezi haielezeki kwa njia hiyo.

Sababu nyingine isiyo na hatari ni upepo. Kama mfumo ulifunguliwa hivi karibuni, mapovu yaliyobanwa hupanda taratibu hadi kwenye kopo na mafuta hushuka kujaza nafasi yake. Hutokea siku chache za kwanza, kisha huacha.

Majaribio manne

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Usitegemee macho kusoma kiwango, hasa kama kopo liko chini ya sakafu na unachungulia kupitia tundu. Kunja waya mwembamba ukae kwenye mdomo wa kopo, ncha yake ikining'inia ndani. Jaza mpaka uso wa mafuta uguse ncha. Baada ya kila jaribio, rudisha mafuta kwa sirinji ya mililita 20 mpaka yaguse tena, na usome kiasi kilichoingia. Kwa njia hii utaona hata upungufu wa mililita 2. Pima gari likiwa limepoa na likiwa mahali palepale, kwa sababu joto hutanua mafuta na mwinamo hubadilisha kiwango.

*Jaribio la kwanza: gari limelala.* Jaza mpaka alama, usiguse pedali kwa siku mbili, pima. Tandaza karatasi za kahawia chini ya masta silinda, chini ya kila gurudumu na chini ya buusta.

*La pili: mguu bila msaada.* Injini imezimwa. Kwenye gari la ombwe, kanyaga mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Kwenye gari la hewa, fungua matangi mpaka hewa iishe. Kisha kanyaga mara 100, kwa nguvu na polepole, ukishikilia kidogo kila mara. Pima.

*La tatu: mguu na buusta.* Gari halitembei, kabari zimewekwa, injini imewashwa, ombwe au hewa imejaa. Mara 100 tena. Kwenye lori la hewa, pumzika kila baada ya mikanyago michache ili kompresa irudishe presha. Pima.

*La nne: mwendo.* Ndani ya uwanja uliofungwa tu, polepole, ukifunga breki mara nyingi na kukata kona mpaka mwisho pande zote mbili. Subiri gari lipoe, pima.

Sasa soma majibu. Ukipoteza katika jaribio la kwanza, mafuta yanatoka kwa uzito wake na kwa ile presha ndogo ambayo mifumo mingi ya dramu huibakiza kwenye paipu kwa vali maalumu. Shuku raba za wili silinda na sehemu ya nyuma ya masta silinda. Inashangaza mwanzoni, lakini raba iliyochoka inaweza kuvuja zaidi kwa presha ndogo kuliko kubwa, kwa sababu presha kubwa ndiyo huitanua na kuibana ukutani.

Ukipoteza katika la pili, shuku paipu, viungio, hosi, swichi ya taa. Ukipoteza katika la tatu na si la pili, karibu kila mara ni buusta. Nasema karibu, kwa sababu buusta huongeza presha ya paipu mara kadhaa, na hosi dhaifu inaweza kustahimili mguu mtupu ikashindwa hapo. Ila hosi itaacha unyevu nje, buusta haiachi. Ukipoteza katika la nne pekee, ni tundu la kupumulia au hosi inayofunguka ikipinda.

Kama gari lako ni la ombwe, ongeza jaribio la kati: injini iunguruke nusu saa bila kugusa pedali. Kwenye aina nyingi za buusta hizi ombwe lipo pande zote mbili za pistoni hata mguu ukiwa umepumzika, kwa hiyo sili iliyokufa hunyonya muda wote injini inapofanya kazi. Upungufu hapo ni jibu lililokamilika.

Buusta ya ombwe: injini inayokunywa breki

Ndani ya buusta kuna fimbo inayotoka kwenye chumba cha ombwe na kuingia kwenye silinda ya mafuta. Sili moja ndogo imeizunguka. Ikilika, au fimbo ikipata kutu na kuwa na vishimo, mafuta hupita upande wa ombwe na kuvutwa hadi kwenye manifoldi (njia ya kuingizia hewa kwenye injini), yakaungue pamoja na petroli. Hakuna tone litakalofika chini.

Zima injini, fungua hosi kubwa ya ombwe pale inapoingia kwenye buusta, na usokote kitambaa cheupe ndani yake. Kitambaa kinapaswa kutoka kikavu. Kikilowa, chukua tone ulipeleke kwenye glasi ya maji. Chungulia pia upande wa buusta wa vali ya kuzuia kurudi, maana mafuta hupenda kukaa hapo. Kama buusta ina plagi ya kumwagia chini yake, weka chombo na uifungue. Nimeona ikitoa mafuta kama glasi nzima.

Dalili nyingine ni moshi mweupe dakika za kwanza au unapofunga breki, na injini kuyumba kidogo. Toa plagi za moto ulinganishe: ile ya silinda iliyo karibu na kiungio cha ombwe mara nyingi huwa na sura tofauti na wenzake. Silikoni ikiungua huacha majivu meupe, kwa sababu kinachobaki ni silika, karibu sawa na mchanga laini.

Usiendelee kujaza tu ukisema injini haidhuriki. Mafuta yakijaa kwenye chumba cha ombwe yanaharibu ngozi na raba za pistoni, na siku moja utakanyaga pedali ukute msaada haupo.

Buusta ya hewa: jicho kwenye tundu la kutolea

Kwenye M35A2 na jamaa zake, kifaa hiki kina silinda ya hewa, vali ya kuongoza, na silinda ndogo ya mafuta, vyote vimefungwa pamoja kwenye fremu. Raba za silinda ya mafuta zikichoka, mafuta huingia kwenye silinda ya hewa. Kila unapoachia pedali, hewa iliyotumika hutoka nje na kubeba mafuta kwa namna ya ukungu. Gari likiwa linatembea, ukungu huo hupotea na upepo. Kwenye magari yaliyotayarishwa kuvuka mito ni fumbo zaidi, kwa sababu matundu ya kupumulia yameunganishwa na mabomba yanayopanda juu, na mafuta yanaweza kukaa ndani ya mabomba hayo kwa miezi bila mtu kujua.

Mwambie mwenzako akae kwenye usukani, hewa ikiwa imejaa. Wewe fungua bomba la kupumulia la buusta, shika kitambaa cheupe mbele ya tundu, vaa miwani. Akanyage, ashikilie hesabu ya tano, aachie. Mara kumi. Kitambaa kikiwa na madoa, yapeleke majini kabla ya kuhukumu, kwa sababu kompresa iliyochoka hurusha oili ya injini kupitia njia hiyohiyo. Gari likiwa na DOT 3, glasi itatoa hukumu papo hapo. Likiwa na silikoni, vyote viwili vitaelea na itabidi utumie rangi na harufu: oili ya kompresa huwa nyeusi na inanuka kuungua.

Kitambaa kikavu bado hakijaiachia buusta huru. Silinda ya hewa ina nafasi kubwa, na mafuta yanaweza kujikusanya chini yake muda mrefu kabla ya kufika kwenye tundu. Kama jaribio la tatu lilionyesha upungufu, toa hewa yote kwenye matangi, fungua kiungio cha chini kabisa cha silinda hiyo, uone kinachotoka. Maji kidogo ni kawaida.

Angalia pia upande wa pili wa ugonjwa. Raba ikipitisha mafuta kwenda kwenye hewa, mara nyingine hupitisha hewa kwenda kwenye mafuta. Mwenzako akikanyaga, chungulia kopo: mapovu yakipanda kila mkanyago, na pedali imekuwa kama sifongo hata baada ya kutoa upepo mara tatu, buusta itolewe.

Niliyoyakosa kwenye M35A2 yangu yalikuwa haya haya. Ningefanya jaribio la pili na la tatu asubuhi moja, wili silinda zingebaki mahali pake.

Ndani ya dramu

Wili silinda zina vifuniko vya raba kila mwisho, kazi yake ni kuzuia vumbi. Kwa bahati mbaya vinazuia na mafuta pia. Raba ya ndani inaweza kuvuja wiki kadhaa, mafuta yakajaa nyuma ya kifuniko, kisha yakanyonywa na vumbi la viatu na tope lililoganda kwenye sahani ya nyuma. Chini hakufiki kitu.

Ondoa dramu, inua ukingo wa kila kifuniko kwa bisibisi butu. Unyevu mwembamba kama jasho unavumilika. Mafuta yakitiririka, silinda imekwisha. Toa raba na upitishe ukucha ndani: chuma kilicho na vishimo, hasa sehemu ya chini ambako maji hukaa, hakitaziba hata ukitia raba mpya. Kusugua kidogo kunafaa kwa madoa. Kwa vishimo badilisha silinda, au itiwe bomba la chuma kisichoshika kutu. Fanya magurudumu mawili ya ekseli moja kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande.

Viatu vilivyokunywa mafuta havioshiki. Utaviosha kwa kemikali zote, vitaonekana safi, halafu vikipata joto mafuta yatatoka tena kutoka ndani. Badilisha. Kagua na grisi ya beringi za hapo, maana mafuta ya breki huiyeyusha.

Masta silinda, tundu lake na swichi

Hapa kuna kosa la kufikiri linalowapoteza hata mafundi wazuri. Ndani ya masta silinda kuna raba mbili zenye kazi tofauti. Ya mbele hujenga presha. Ikichoka, pedali huzama polepole chini ya mguu, lakini mafuta hurudi kwenye kopo na hayapotei hata tone. Ya nyuma huzuia mafuta yasitoke upande wa pedali. Hiyo ndiyo inayopoteza. Kwa hiyo pedali inayozama haielezi kiwango kinachoshuka, na kiwango kinachoshuka hakihitaji pedali inayozama. Rudisha nyuma kifuniko cha raba kwenye fimbo ya pedali, pitisha kidole. Kikilowa umepata. Kwenye jeep za zamani mafuta hayo hutambaa juu ya fremu na kufichwa na tope, ndiyo maana karatasi inabaki kavu.

Tundu la kupumulia la kopo ni mshukiwa wa jaribio la nne. Ukiachia pedali ghafla, mafuta hurudi kwa kasi na kuruka juu kama chemchemi ndogo. Kama kopo limejazwa mpaka mdomoni, au kile kibati cha kukinga chini ya kifuniko kimepotea, mafuta hupanda kwenye bomba la kupumulia. Jaza mpaka kama milimita 12 chini ya mdomo, au kadiri kitabu cha gari kinavyosema. Kisha fungua bomba la kupumulia, unganisha hosi nyembamba inayoona ndani, iingize kwenye chupa safi yenye tundu la hewa, ifunge juu ya kiwango cha kopo, na urudie jaribio la nne. Chupa itakuambia.

Swichi ya taa ya breki kwenye magari mengi ya zamani inasukumwa na presha ya mafuta yenyewe. Kiwambo chake kikitoboka, mafuta hupita kwenye vituo vya umeme na kutambaa ndani ya ganda la waya, wakati mwingine mbali kabisa na swichi. Chomoa kiunganishi. Kikiwa na mafuta ndani, badilisha swichi na ukaushe waya. Dakika tano, na watu huiacha ya mwisho.

Paipu na hosi

Safisha kwa spiriti, usitumie petroli wala dizeli, maana zikiingia kwenye mfumo zitavimbisha raba zote. Pakaza chaki ya unga kwenye viungio, kisha bana pedali usiku kucha kwa kipande cha mti kati yake na kiti, waya wa betri ukiwa umetolewa ili taa za breki zisimalize umeme. Asubuhi chaki iliyolowa inaonekana mbali. Kagua kwanza mahali paipu inaposhikwa na klipu na inapopita juu ya ekseli. Kutu huanzia chini ya klipu. Hosi zipinde kwa mkono: nyufa zinazoonyesha nyuzi ni hukumu ya kifo.

Kama bado hujapata, tenga. Fungua paipu ya ekseli moja kwenye kiungio chake, ziba kwa plagi ya nyuzi sahihi, toa upepo, rudia jaribio lililoonyesha upungufu. Upungufu ukikoma, mvujo uko upande uliouziba. Usibane hosi za zamani kwa koleo, utazivunja ndani. Na gari likiwa na plagi hizo halitembei hata hatua moja.

Baada ya kurekebisha

Usichanganye silikoni na aina nyingine. Ukitaka kuhama kutoka moja kwenda nyingine, safisha paipu zote kwa spiriti, zikauke kabisa, na utie raba mpya, kwa sababu mabaki ya aina mbili hukutana na kufanya ute unaoziba matundu madogo ya masta silinda. Silikoni imimine polepole ukiinamisha chombo, usiitikise kamwe; ikishika mapovu inayashikilia kwa saa nyingi.

Toa upepo kwenye buusta kwanza kama ina nipo yake ya kutolea upepo, kisha gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ukirudi karibu, isipokuwa kitabu cha gari kikitoa mpangilio mwingine. Kaza marekebisho ya viatu kabla ya kujaza mara ya mwisho, ili zile mililita ishirini na kitu zisikurudishe kwenye wasiwasi.

Halafu weka waya wako tena mdomoni mwa kopo na urudie majaribio yote manne kwa mpangilio uleule, siku zilezile mbili za kulala zikiwamo. Siku za mwanzo kiwango kinaweza kushuka mililita chache wakati mapovu ya mwisho yanapanda. Jaza, rudia. Sirinji ikikataa kuingiza kitu mara mbili mfululizo baada ya jaribio la nne, toa kabari.